Mti wa Taa za Pikseli: Unavyojengwa na Unavyopewa Maelekezo kwa Kiswahili

Wasomaji wetu wamezoea kukuta katika kurasa hizi makala kuhusu ngeli, ushairi na mbinu za kufundishia. Safari hii tunawaletea mti wa Noeli. Hatujaacha kazi yetu ya lugha. Katika somo la Kiswahili kwa Matumizi Maalumu tulitaka wanafunzi wa mwaka wa tatu watengeneze kitu halisi kwa kufuata maelekezo yaliyoandikwa kwa Kiswahili pekee, na kitu hicho kiwe cha aina ambayo kila mpita njia anaweza kuona kama kimefanya kazi au la. Insha mbovu inaweza kupata alama sita kwa kumi. Taa isiyowaka haiwaki.

Wako waliotuambia kwamba Kiswahili chetu kitaishia kwenye nguzo na nyaya, na kwamba tukifika kwenye programu tutarudi Kiingereza wenyewe. Hawakukosea kabisa, kama tutakavyoeleza. Lakini makosa yaliyotusumbua zaidi hayakutokana na upungufu wa istilahi. Yalitokana na maneno ya kawaida kabisa ambayo sote tulidhani tunayaelewa.

Kwanza tueleze mti wenyewe. Si mti wa kweli wala si ule wa plastiki unaouzwa madukani. Ni nguzo moja iliyosimamishwa, na kutoka kileleni mwake hushuka nyaya zenye taa ndogo hadi chini, zikifanya umbo la pia. Kila taa inaweza kupewa rangi yake peke yake na kubadilishwa mara nyingi kwa sekunde moja, hata mti ukaonyesha theluji inayoanguka, mistari inayozunguka, au maandishi yanayopita. Taa ya namna hiyo huitwa pikseli kwa sababu hufanya kazi ileile inayofanywa na nukta moja ya kioo cha televisheni. Hapa Rwanda aliyewahi kupita Kigali usiku akaliona kuba la Kigali Convention Centre, jengo lililofunguliwa mwaka 2016, likibadilika rangi, anajua taa zinazotawaliwa na kompyuta zinavyoweza kuligeuza umbo moja kuwa picha nyingi.

Taa za umeme juu ya mti wa Noeli zina historia ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1882 Edward Johnson, mshirika wa Thomas Edison, aliweka nyumbani kwake New York mti uliokuwa na balbu 80 nyekundu, nyeupe na za buluu, na mti wenyewe ukawa unazunguka kwa nguvu ya umeme. Siku hizi wanaojenga miti ya pikseli kwa wingi ni watu wa Marekani, wanaopamba nyua za nyumba zao kila Desemba, na wengi hutumia programu ya bure iitwayo xLights. Huko Uingereza, Desemba mwaka 2020, mwanahisabati Matt Parker alizungushia mti taa 500 bila mpangilio maalumu, kisha akaziwasha moja moja huku kamera ikipiga picha, ili kompyuta ikadirie kila taa iko mahali gani. Sisi hatukuwa na uhodari huo. Tulichagua mti ulionyooka, ambao mahali pa kila taa panajulikana kwa kuhesabu tu. Na katika kuhesabu huko ndiko tulikoumia.

Vifaa vyetu vilikuwa hivi. Nguzo ilikuwa bomba la maji la mita 3. Chini tuliweka nusu duara ya chuma, kwa kuwa mti ungesimama ukutani na nyuma hapaonekani. Taa zilikuwa 400, za volti 5, zenye chipu ya WS2811, na huuzwa zikiwa zimeungwa hamsini hamsini kwenye waya mmoja, taa na taa zikiachana kwa takriban sentimita 10. Kila waya wa taa 50 ulipandishwa kutoka chini hadi kileleni kwa taa 25, ukakunjwa, ukateremshwa kwa taa 25 nyingine. Nyaya nane zikatupa mistari 16.

Swali la kwanza la istilahi lilizuka hapohapo: ule waya wa taa 50 tuuite nini? "Mnyororo" ulikataliwa kwa sababu unaleta picha ya kufunga. Mwanafunzi mmoja aliyekulia kandokando ya ziwa akasema, samaki wakipitishwa kamba ili wabebwe huitwa mtungo. Hakuna aliyebisha. Tangu siku hiyo tulikuwa na mitungo minane, na wenye kupenda ushairi wakafurahi kwamba kitenzi kilekile, kutunga, kinatumika kwa shanga, samaki, mashairi, na sasa taa.

Jinsi taa inavyojua zamu yake

Jambo ambalo msomaji akilielewa ameelewa mti mzima ni hili: taa hazina majina wala namba ndani yake. Zote ni sawasawa, na zote zimeungwa kwa waya mmoja wa data. Inakuwaje basi taa moja iwe nyekundu na jirani yake iwe ya kijani?

Fikirini foleni ya watu kwenye karamu. Mgawaji amesimama mwanzoni na anatoa sahani moja baada ya nyingine, zote kwa mtu wa kwanza. Mtu wa kwanza anabaki na sahani ya kwanza iliyomfikia. Kila inayofuata anaisukuma kwa jirani yake bila kuigusa. Jirani naye anabaki na ya kwanza kumfikia yeye, na zilizosalia anazisukuma mbele. Mgawaji hamjui mtu yeyote kwa jina. Anachojua ni mpangilio. Akinyamaza kwa muda mfupi sana, hiyo ni ishara kwamba zamu imekwisha, na wote wanaanza kula kwa pamoja. Akianza tena kugawa, hesabu inaanza upya kwa mtu wa kwanza.

Hivyo ndivyo taa zinavyofanya. Sahani moja ni biti 24, yaani biti 8 za kila rangi kati ya tatu: nyekundu, kijani na buluu. Kila rangi ina ngazi 256, kuanzia 0 hadi 255, na mchanganyiko wa zote tatu unatoa rangi 16,777,216. Biti moja hupita kwa mikrosekunde 1.25, hivyo sahani moja huchukua mikrosekunde 30, na taa 400 zote huhudumiwa kwa milisekunde 12. Picha ikibadilishwa mara 40 kwa sekunde, kila picha ina milisekunde 25, kwa hiyo muda unatosha na kubaki.

Tulianza kulieleza jambo hili vibaya. Katika kipindi cha kwanza tulitumia mfano wa mbio za kupokezana vijiti, kwa sababu kila mwanafunzi anaujua. Wiki iliyofuata kikundi kimoja kikaandika kwamba taa zote lazima ziwe na rangi moja. Tulipouliza sababu, wakajibu kwamba mkimbiaji hampi mwenzake kijiti kingine ila kile alichopewa yeye. Walikuwa na haki. Isitoshe, kupokezana ni kitendo cha pande mbili, huyu anampa yule na yule anampa huyu, hali data katika mtungo huenda upande mmoja tu na hairudi. Tukaacha kupokezana, tukatumia kubakiza na kupitisha. Mwalimu anayefundisha mnyambuliko wa vitenzi anaweza kuuchukua mfano huu kama ulivyo.

Kutokana na mwendo huo wa upande mmoja, mtungo una ncha ya kuingilia na ncha ya kutokea. Ukiuunga kinyume, hakuna kinachowaka na hakuna kinachoungua. Unakodoa macho tu. Vilevile taa moja ikifa kwa namna inayokata data, zote zilizo mbele yake hukosa sahani. Hili lilitupata siku tatu kabla ya sherehe ya kufunga muhula. Mti uliwaka vizuri hadi mstari wa kumi na moja, kisha giza. Mkosaji huwa ni mmoja kati ya wawili: taa ya mwisho inayowaka, ambayo pengine haipitishi, au ya kwanza isiyowaka, ambayo pengine haipokei. Tulikata ya pili, tukaunga nyingine kwa kulehemu, bado giza. Tukakata ya kwanza, mti ukarudi. Wanafunzi walioandika ripoti ya tukio hilo walijifunza kutofautisha "taa iliyozimika" na "taa iliyozima nyingine" kwa njia ambayo zoezi la ubaoni lisingeweza kuwafundisha.

Rangi zenyewe zilitupa somo la pembeni. Katika mwanga, nyekundu na kijani zikichanganywa hutoa njano, na zote tatu kwa pamoja hutoa nyeupe. Wanafunzi waliozoea rangi za maji hawakuamini mpaka walipoona. Na kisarufi, rangi hizi tatu haziko kundi moja: -ekundu ni kivumishi kinachochukua kiambishi, tukasema taa nyekundu, kitufe chekundu, mstari mwekundu, lakini kijani na buluu zinadai kiunganishi: taa ya kijani, kitufe cha buluu. Kwa mzungumzaji wa Kinyarwanda jambo hili halikai kichwani kwa kuambiwa mara moja. Kulisema mara arobaini kwa siku huku mkono uko kwenye waya kunasaidia.

Umeme

Hapa hatutakawia, ila msomaji anayetaka kujaribu asiruke aya hizi. Kila pikseli ina vijitaa vitatu ndani, na kila kimoja hula takriban miliampea 20 kikiwaka kwa nguvu zote. Nyeupe kamili ni miliampea 60 kwa taa, na taa 400 ni ampea 24, yaani wati 120 kwa volti 5. Si busara kukitumikisha kifaa hadi ukomo wake, kwa hiyo tulinunua pawasaplai ya ampea 40, na katika programu tukapunguza mwangaza hadi asilimia 30. Usiku, asilimia 30 inatosha sana. Kwa nguvu zote mti ulikuwa unaumiza macho.

Tatizo la volti 5 ni kwamba hupotea njiani. Waya wa mtungo ni mwembamba, na kadiri umeme unavyosafiri ndivyo volti inavyopungua. Tulipoiunga mitungo yote nane kwa mfululizo na kuingiza umeme upande mmoja tu, taa za mwanzo zilikuwa nyeupe, za katikati rangi ya maziwa yaliyoungua, na za mwisho karibu nyekundu. Sababu ni kwamba kijitaa chekundu huhitaji takriban volti 2 tu, hali cha kijani na cha buluu huhitaji karibu 3. Volti ikipungua, hivyo viwili hufifia kwanza, chekundu kikabaki peke yake. Dawa yake ni kupeleka umeme kwa waya mnene hadi kwenye kila mtungo, mwanzoni na mwishoni, huku waya wa data ukiendelea kupita mtungo hadi mtungo kama kawaida. Data inafuata foleni. Umeme hauna haja ya foleni.

Jambo jingine ni ule waya wa hasi. Hasi ya kidhibiti, yaani kile kibao kidogo chenye programu, na hasi ya pawasaplai lazima ziunganishwe. Wanafunzi waliuliza kwa nini, ikiwa kidhibiti kina chanzo chake cha umeme. Tukawajibu kwamba kimo cha mtu hupimwa kuanzia sakafuni. Watu wawili waliosimama juu ya sakafu mbili tofauti hawawezi kulinganishwa vichwa. Jibu hili tunaliona zuri kuliko lile la mfano wa vijiti.

Kidhibiti chetu kilikuwa ESP32, ambacho hutoa ishara ya volti 3.3. Chipu za taa zinazotumia volti 5 hutaka ishara isiyopungua asilimia 70 ya volti hiyo, yaani 3.5. Mezani, kwa waya mfupi, mti ulifanya kazi. Uani, kwa waya wa mita tatu, taa zilimetameta ovyo kama zimeingiwa na pepo. Chipu moja ndogo ya 74AHCT125, inayopandisha ishara hadi volti 5, ilimaliza jambo hilo. Tunalitaja kwa sababu tulipoteza siku mbili tukikagua programu, ambayo haikuwa na kosa.

Sehemu ya volti 230 hatukuigusa. Tulimwita fundi umeme, akaweka fyuzi na kuifungia pawasaplai ndani ya kisanduku kisichoingiza maji, kwa kuwa taa zenyewe hustahimili mvua lakini pawasaplai haistahimili, na mvua za vuli hapa kwetu huweza kuendelea hadi Desemba.

Taa ya 25 na taa namba 25

Sasa tufike kwenye programu. Utaratibu ulikuwa kwamba kila kikundi kiandike maelekezo kwa Kiswahili, kikundi kingine kiyasome bila kuuliza swali, na cha tatu kiyageuze kuwa programu ya Arduino. Kazi ya kwanza ilikuwa nyepesi: mstari wa kwanza uwe mwekundu wote. Kikundi cha kwanza kikaandika: "Washa taa kuanzia ya 1 hadi ya 25 ziwe nyekundu."

Hakuna Mswahili atakayeona kosa hapo. Lakini kompyuta huanza kuhesabu kwa 0. Kikundi cha tatu kikaandika 1 hadi 25 kama kilivyosoma, na mti ukawaka hivi: taa ya chini kabisa ya mstari wa kwanza ilibaki nyeusi, na kileleni mwa mstari wa pili ikawaka moja nyekundu, peke yake, kama mgeni aliyekosea mlango. Vikundi vikalaumiana. Kila kimoja kilikuwa kimefanya kazi yake sawasawa.

Tulikaa kipindi kizima juu ya kosa hili moja. Tuligundua kwamba Kiswahili tayari kina njia ya kulizuia, ila hatukuwa tunaitumia. "Taa ya 25" ni nafasi katika foleni: kuna taa 24 kabla yake. "Taa namba 25" ni jina lililoandikwa mgongoni: inaweza kuwa popote. Mtu akisema nyumba ya tano na nyumba namba tano, kila mwenyeji wa mjini anajua si lazima iwe nyumba moja. Basi tukakubaliana: tukitumia kiunganishi -a tunahesabu kwa vidole, kuanzia moja, tukitumia neno namba tunataja jina ambalo kompyuta inalijua, kuanzia 0. Taa ya 25 ni taa namba 24. Mstari wa pili ni mstari namba 1. Kuanzia siku hiyo kosa la namna hiyo halikurudi, na wanafunzi walikuwa wakisahihishana wenyewe: "Mwalimu, amesema ya au amesema namba?"

Tatizo la pili lilikuwa kupanda na kushuka. Kwa kuwa mtungo unapanda mstari mmoja na kushuka mwingine, taa ya chini ya mstari wa kwanza ni namba 0, lakini taa ya chini ya mstari wa pili ni namba 49. Ukitaka duara la rangi lipande mti mzima kwa usawa, lazima uigeuze hesabu ya kila mstari wa pili. Maelekezo yaliyokubaliwa mwishowe tunayaweka hapa kama yalivyobandikwa ukutani:

Kwa kila mstari kuanzia namba 0 hadi namba 15, fanya haya:
Kwa kila nafasi kuanzia namba 0, chini, hadi namba 24, juu, fanya haya:
Ikiwa namba ya mstari ni shufwa, taa ni mstari mara 25, jumlisha nafasi.
La sivyo, taa ni mstari mara 25, jumlisha 24, toa nafasi.
Ipe taa hiyo rangi ya nafasi yake.
Mistari yote ikiisha, onyesha.

Tazameni neno la mwisho. Katika rasimu ya awali liliandikwa: "Ipe taa rangi yake, kisha onyesha." Kisha baada ya nini? Baada ya taa moja, au baada ya zote? Kikundi kilichosoma kikaelewa taa moja, kikaiweka amri ya kuonyesha ndani ya mzunguko. Kila taa ilipopewa rangi, data ya taa zote 400 ikatumwa upya; milisekunde 12 mara 400 ni sekunde 4.8, na mti ukajaa polepole kama mtungi unaotiliwa maji. Ulipendeza, kusema kweli, na tukauhifadhi kuwa mtindo wa ufunguzi. Lakini haukuwa tuliouagiza. Neno kisha katika hadithi halimsumbui msikilizaji, kwa kuwa mambo yenyewe yanamwongoza. Katika maelekezo ni lazima liambiwe linafuata nini.

Kwa upande mwingine, takriri ilitusaidia kuliko tulivyotarajia. "Washa taa mbili" ni amri moja. "Washa taa mbili mbili" ni mzunguko kamili: unawasha mbili, unaendelea na mbili nyingine, hadi mwisho. Maneno hayo mawili yalichukua mistari minne ya programu. Hapo wale waliosema Kiswahili kitaishia kwenye nyaya tuliwatazama usoni.

Lakini, kama tulivyoahidi, walikuwa na sehemu ya ukweli. Amri za lugha ya Arduino ni za Kiingereza, na hatukuwa na njia ya kuzibadilisha. Tulichoweza ni majina ya vitu: mstari, nafasi, rangi na taa vilikubaliwa na kompyuta bila ubishi. Neno moja tu lilikataliwa. Tulitaka kuuita ukali wa mwanga ung'avu, na kompyuta ikagoma, kwa sababu alama ya ritifaa hairuhusiwi katika majina ya programu. Mwandishi anayedharau tahajia angeliondoa alama hiyo akaendelea, lakini bila ritifaa hiyo sauti yenyewe ni nyingine. Tukaandika mwangaza.

Saa kumi na mbili

Kosa la mwisho liligunduliwa na mlinzi. Tulikuwa tumeamua mti uwake saa 12 jioni na uzimike saa 4 usiku, na kidhibiti kinachukua saa kutoka kwenye intaneti. Mwanafunzi aliyekabidhiwa kazi hiyo akaandika 12 na 4. Jioni tulipokuja tuliukuta unawaka, tukapongezana, tukaenda nyumbani. Usiku wa pili hali ileile. Siku ya tatu yule mzee mlinzi akatusimamisha langoni.

"Walimu, mti wenu haulali?"

Tukamwambia unazimika saa nne.

"Saa nne ya wapi? Mimi nauona hadi saa kumi, majogoo wanawika. Na mchana saa sita unawaka tena, mnamulikia jua?"

Kompyuta ilikuwa imefanya ilichoambiwa. Kwake 12 ni adhuhuri na 4 ni alfajiri. Kwa kuwa muda tuliokusudia, saa 12 jioni hadi saa 4 usiku, ulikuwa umo ndani ya muda huo mrefu, sisi wa jioni hatukuona kosa lolote, na mchana jua lilizificha taa. Tukaandika 18 na 22. Darasani tulikuwa tumefundisha saa za Kiswahili kwa miaka mingi kama jambo la kubadilisha kwa kutoa au kujumlisha sita, na wanafunzi wetu, ambao kwa Kinyarwanda pia huhesabu saa hivyohivyo, huona zoezi hilo ni la kitoto. Sasa tunawapa swali hili: mti umepangiwa 12 na 4, eleza nani ataliona kosa, na saa ngapi ya Kiswahili.

Siku ya sherehe mti uliwaka saa kumi na mbili na robo, kwa kuchelewa, kwa sababu mtu alikuwa ameichomoa plagi ili achaji simu. Kikundi kilichopangiwa kuueleza kwa wageni kiliueleza kwa dakika nane bila kuchanganya lugha, isipokuwa walipofika kwenye pawasaplai. Neno hilo limo katika makala hii pia, na hatulipendi. "Kigeuzi umeme" ni refu na fundi aliyetusaidia hakulielewa. "Chanzo cha umeme" kinaweza kuwa hata bwawa la maji. Wasomaji walio na neno linalotumika kweli kwenye maduka na karakana za kwao, iwe Bujumbura, Bukavu, Kampala au kwingineko, tunaomba watuletee kabla ya Novemba, kwa kuwa mitungo iko kabatini na wanafunzi wapya wameshaanza kuuliza kama mwaka huu mti utaandika maneno.